Binti wa Mrimba Alisemaje?

Ndugu wasomaji, leo nimekuja kugombana. Na ninayetaka kugombana naye hayuko mbali, ni mmoja wetu, na kijarida hiki hukisoma kabla yangu. Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kwenye benchi letu hapa Kibondo tukisomeana miswada, ikafika zamu yangu. Nikasoma sura ya kwanza ya riwaya ninayoihangaikia, riwaya ya mwanamke mpishi aliyekuwa Ujiji mwaka 1871. Nilipomaliza, kaka yetu mmoja, ambaye kalamu yake naiheshimu, akakohoa kidogo akasema: "Dada, lugha umeiweza. Lakini riwaya ya kihistoria inataka historia, na historia yetu haina wanawake. Utawatoa wapi? Utaishia kubuni tu. Na nani atasoma habari za mpishi?" Wenzetu wakatikisa vichwa kukubali, hata wasichana wawili waliokuwepo. Nikakunja daftari langu.

Siku ile sikumjibu. Nikiwa na hasira mdomo wangu husema ovyo, mkono wangu ndio una adabu. Basi leo namjibu kwa mkono.

Kaka yangu, umesema historia haina wanawake. Si kweli. Historia imewajaza tele. Swali ni wamewekwa mle kufanya kazi gani, na nani aliwapangia kazi hiyo.

Niruhusu nianzie mbali sana, maana huko ndiko nilikofumbuliwa macho. Kwenye kabati la vitabu la parokia, katikati ya maisha ya watakatifu na vitabu vya katekesi ambavyo panya wameshavionja, nilikuta kitabu kinene cha Gregory, askofu wa mji wa Tours katika nchi tunayoiita leo Ufaransa. Alifariki mwaka 594. Alikiandika kwa Kilatini wakati Dola ya Kirumi ya magharibi imeshaanguka, na wafalme wa Kifranki wanachinjana kugombea vipande vyake. Nilichokikuta ni tafsiri ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo nilikwenda nacho kama baiskeli kwenye tope la masika: unapanda kidogo, unasukuma kidogo.

Jamani, wanawake wamejaa mle! Kuna malkia aitwaye Fredegund. Huyu anatuma vijana wawili wenye visu vilivyopakwa sumu wakamuue Mfalme Sigibert, shemeji yake, kwa maneno ya kwetu tungesema ndugu wa mumewe kwa baba. Siku nyingine anagombana na binti yake mwenyewe, Rigunth. Anamwita aje achague vito ndani ya sanduku kubwa. Binti anapoinamisha kichwa ndani, mama anakishusha kifuniko shingoni mwake na kukikandamiza mpaka macho ya mtoto yanataka kutoka. Kijakazi mmoja akapiga kelele, watu wakaja mbio, binti akapona.

Ukurasa ule niliusoma mara tatu. Ni mtamu, niseme ukweli. Ni ukurasa wa mtu anayeijua kazi ya kusimulia. Lakini usiku nikajiuliza: mbona Brunhild, yule malkia mwingine, hasimu mkubwa wa Fredegund, hana ukurasa kama huu? Jibu limo mle mle kitabuni. Gregory alipata uaskofu mwaka 573 katika himaya ya Sigibert, na mke wa Sigibert alikuwa nani? Brunhild. Sigibert akauawa mwaka 575. Kumbe! Mke wa aliyekupa kiti ni bibi mwema, na mke wa adui yake ni shetani mwenye sanduku. Sisemi kwamba Fredegund alikuwa malaika. Nasema kabla ya kumwamini mwandishi, chungulia sahani anayolia.

Na sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Mwaka 613 Brunhild alikamatwa akiwa bibi kizee, akafungwa kwa farasi na kuburutwa mpaka akafa. Aliyemuua ni Mfalme Chlothar, mtoto wa Fredegund. Gregory alikuwa ameshafariki. Waandishi waliokuja baadaye, waliokuwa wakiishi chini ya washindi, wakamgeuza Brunhild kuwa Yezebeli wa pili. Yule yule bibi mwema! Hakubadilika yeye. Kilichobadilika ni kiti.

Miaka mia mbili kabla ya Gregory alikuwepo mwingine, Ammianus Marcellinus, askari aliyestaafu akaandika historia ya Roma kwa Kilatini. Huyu nimekutana naye kwa vipande tu, lakini vinatosha. Anamsifu Malkia Eusebia kwa uzuri wa sura na wa tabia. Halafu mahali pengine anatuambia kwamba Eusebia alimlaghai wifi yake, Helena, anywe dawa ya kuharibu mimba, na kwamba kabla ya hapo mkunga alihongwa akate kitovu cha mtoto vibaya ili mtoto afe. Wifi, mkunga, dawa! Nilidhani nasoma umbea wa kisimani. Ni umbea wa kisimani, ila kwa Kilatini, na kwa hiyo unaitwa historia.

Ndipo nikaanza kuona njia wanazopitishwa. Mwanamke anaingia kwenye tarehe kupitia ndoa, au kupitia tumbo la uzazi, au kupitia sumu. Akishaleta alichotumwa kuleta, iwe ufalme, mtoto au maiti, anatolewa nje na mlango unafungwa.

Najua kaka yangu hapa ananyoosha kidole: hayo ni ya Wazungu, dada, sisi yanatuhusu nini? Haya, twende Kilwa.

Tarehe ya Kilwa Kisiwani ipo kwa Kiswahili, Mjerumani Carl Velten aliichapisha mwaka 1907. Inasimulia jinsi Sultani Ali bin Selimani alivyofika kutoka Uajemi akamkuta mzee Mrimba ndiye mwenyeji wa kisiwa. Akampa zawadi, akakaribishwa, akamwoa binti wa Mrimba. Wakakaa. Kisha siku moja Sultani anamwambia mkewe: mwambie baba yako ni vyema ahame, akakae bara, kwa kuwa si sawa mimi kukaa mahali pamoja na mkwe wangu. Mrimba akakubali, ila akataka nguo za kuzunguka kisiwa chote. Nguo zikatandikwa, mzee akazichukua, akavuka. Alipotaka kurudi na vita, mkondo wa maji aliokuwa akiuvuka kwa miguu maji yanapokupwa haukukauka tena, maana Sultani alikuwa ameshausomea.

Kila mtu anaikumbuka nguo. Hata sisi shuleni mwalimu alitusimulia nguo. Mimi nataka kujua habari za binti.

Hebu fikirini, ninyi mnaojiita waandishi. Mwanamke anatoka kwa mumewe kwenda kwa baba yake, amebeba kichwani maneno ya kumfukuza baba yake katika nchi yake. Ni mwendo wa dakika ngapi? Alikwenda na nani? Alianzaje? Je, aliyasema maneno kama alivyopewa, au aliyapunguza makali? Mama yake alikuwepo? Na baba alipomtazama, alimtazamaje? Kisiwa kizima kinabadilisha mikono kwa maneno yaliyopita kinywani mwake, na mwandishi wa tarehe hakumpa hata jina. Ni "binti wa Mrimba" upande huu na "mke wa Sultani" upande huu. Akishazaa mtoto wa kiume basi, kazi imekwisha. Mtoto ana jina, Muhammad, naye anaenda bara kumtembelea babu yake na kuurithi utawala wa huko.

Kaka, umeniambia nitaishia kubuni. Kisiwa kizima kimezungushiwa nguo, hilo unaliamini. Bahari imekataa kukupwa kwa kusomewa, hilo pia unalimeza. Mwanamke kufungua mdomo, hilo ndilo la kubuni?

Pate ni hivyo hivyo, nitapita haraka. Habari za Pate zinasema Suleiman Nabhani alikuja kutoka Arabuni, akamwoa binti wa mfalme wa Wabatawi waliokuwa wenyeji. Baada ya fungate akaenda kumwamkia mkwewe, na mkwe akamwambia: tunu yako ya ndoa ni ufalme wa Pate. Siku saba! Bibi arusi hajatoka ndani, hina haijafifia mguuni, na nchi imeshahama ukoo. Jina lake hatuambiwi. Karne nyingi baadaye Pate hiyo hiyo ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, kuanzia mwaka 1764 hadi 1773, na hapo mwandishi hana budi kutaja jina kwa sababu hawezi kuruka miaka tisa. Lakini miaka yake inasimuliwa kama miaka ya fitina. Kana kwamba sultani wanaume walitawala Pate bila fitina! Wasomeni.

Halafu kuna huyu aliyepita kwetu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, misafara yake ilipita Ujiji kwenda Manyema. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa lugha, kitabu kile ni shule, sikatai. Sentensi fupi, kavu, hana machozi. Pembe anazipima kwa frasila. Mke wa baba yake, Karunde, anatajwa kwa jina, kwa kuwa alikuwa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na ndoa ile ilimpa mzee wake nguvu kwa Wanyamwezi. Mlango wa ndoa, mnauona?

Lakini kisa kinachoninyima usingizi ni kile cha ng'ambo ya Ziwa, kwa mtawala mzee Kasongo Rushie. Tippu Tip alisikia kwamba zamani dada za mtawala huyo walitekwa wakapelekwa mbali wasirudi. Basi akajitokeza akasema: mmoja wa hao alinunuliwa na babu yangu, mimi natokana naye, mimi ni damu yenu. Mzee Kasongo, ambaye inaelekea alikuwa akiwalilia dada zake miaka yote hiyo, akamkabidhi nchi. Wachambuzi wengi wanaona ile ilikuwa hila tupu. Sasa tazameni: mwanamke alitekwa, akauzwa. Halafu, miaka mingi baadaye, anauzwa mara ya pili, safari hii ndani ya hadithi, na bei yake ni utawala wa nchi. Na sisi tunasoma na kusema, "Huyu jamaa alikuwa mjanja!" Nilisema hivyo hivyo mimi mwenyewe mara ya kwanza.

Mnataka mlango wa sumu? Hatuna haja ya kwenda Ufaransa. Sisi wa Kibondo tuko mpakani, na simulizi za Burundi na Rwanda tumezinywa na maziwa ya mama. Nani hajasikia habari za Kanjogera wa Rwanda? Mwaka 1896 pale Rucunshu, yeye na ndugu zake walimpindua Mfalme Rutarindwa na kumweka mwanawe Musinga. Simulizi zinampa upanga mkononi na damu mpaka viwikoni. Kaka zake, Kabare na Ruhinankiko, walikuwa naye bega kwa bega katika njama ile. Wao wanaitwa wakuu. Yeye anaitwa jini. Na kule Burundi, Ririkumutima, mke wa Mwezi Gisabo: mumewe alipofariki mwaka 1908 bibi huyu alishika nguvu za ikulu kwa njia ya mfalme kijana Mutaga, na Mutaga alipofariki mwaka 1915 akaendelea kwa njia ya mtoto mdogo Mwambutsa, hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1917. Watoto wa kwetu wanamjua kwa fitina na kwa sumu. Fredegund mtupu, ila amevaa shanga. Watawala wanaume waliosimamia watoto wadogo na kuchinja wapinzani wao wapo wengi, na tumewapa jina zuri: wajenzi wa dola.

Tena nasema, sitetei muuaji. Kanjogera asafishwe na nani, mimi? Ninachouliza ni kwa nini ukatili wa mwanamume ni siasa na ukatili wa mwanamke ni tabia.

Sasa njooni nyumbani kabisa. Barabara ya Kasulu tunaijua wote, na vumbi lake. Heru, himaya kubwa ya Buha, katika miaka ya 1950 ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Si hekaya hii, si enzi za Nabii Nuhu. Wapo wazee waliomwona kwa macho yao, kabla ya uchifu kufutwa baada ya Uhuru. Shuleni nilikariri Mkwawa, nikakariri Mirambo, Isike, Kinjeketile. Sikumbuki kufundishwa Mwami Theresa hata kwa sentensi moja, nami nimesoma katika mkoa huu huu. Nilipomuuliza mzee mmoja wa Kasulu kwamba eti ni kweli Heru ilikuwa na mwami wa kike, alinitazama kama mtu asiyelielewa swali. "Alikuwa Mwami," akasema. Basi. Hakuongeza neno. Kiha hakina haja ya kuongeza.

Sitaki kusema uongo kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Mwana Kupona aliandika utenzi kwa binti yake mwaka 1858. Salme, binti wa Sultani Said, aliandika kumbukumbu zake zikatoka mwaka 1886, ingawa kwa Kijerumani. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini aliyeuza vyungu akaja kuimba mpaka sahani zake za santuri zikasikika pwani nzima. Wapo. Lakini kaka yangu akiambiwa ataje vitabu vya historia, hivyo havitaji. Anavipanga upande wa fasihi, au upande wa "mambo ya akina mama," pamoja na mapishi.

Na tumefika kwenye mapishi, ambako ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo.

Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji, na yale maneno yake manne ya salamu dunia nzima inayakariri, na sanamu zao wawili zimewekwa pale kwenye kumbukumbu watalii wapige picha. Siku ile ile, nyuma ya nyumba, kulikuwa na jiko, na jikoni kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Halima. Stanley mwenyewe anamtaja. Anasema Halima alishikwa na kiherehere, akawa anachungulia kuhakikisha kama ni kweli Wazungu wamekuwa wawili, na alikuwa na wasiwasi kwamba bwana wake hayathamini mapishi yake. Stanley anaisimulia kama kichekesho. Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu ametokeza na msafara mzima bila taarifa, wageni wanataka kula, mwenye nyumba ni mgonjwa asiyeweza kumaliza sahani. Mpishi yeyote hapa Kibondo angekuwa na kiherehere.

Mwaka uliofuata wakiwa Unyanyembe, Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara, Ntaoeka, akatoroka. Livingstone akahangaika, akatuma barua kumtafuta. Halima akarudi mwenyewe. Mzee akaandika kwenye shajara yake kumsifu: ni hodari, mwangalifu, haibi. Na akaandika kwamba atamwacha huru, na watakapofika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Someni tena taratibu. Atamwacha huru. Mpinga utumwa mkubwa kuliko wote waliopita katika nchi hii, mwenye makaburi na mitaa na shule kwa jina lake, anaandika juu ya mwanamke anayemkandia unga kila asubuhi kwamba uhuru wake utakuja, baadaye, wakifika. Mei 1873 mzee akafariki kijijini kwa Chitambo. Halima alikuwa kwenye msafara uliobeba maiti ile. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza mwaka 1874 kusaidia kupanga shajara za marehemu zichapishwe. Wanaume hao wawili, na pamoja nao Jacob Wainwright aliyesindikiza maiti, ndio waliobaki vitabuni.

Huyo Ntaoeka naye asisahaulike. Livingstone aliona si vizuri mwanamke mzuri kukaa msafarani bila mume, akampa majina ya wanaume watatu achague mmoja: Chuma, Gardner, Mabruki. Ntaoeka akatabasamu tu. Mzee anaeleza mwenyewe sababu: Chuma mvivu, na hao wawili hawana sura. Baadaye wanawake wenzake wakamtaka aolewe, akakubali. Tabasamu lile moja, kaka yangu! Wanaume watatu wamepangwa mbele yake kama mbuzi wa mnadani, na kwa mara moja katika karne nzima ya vitabu vya wasafiri anayechagua ni yeye. Ukiniambia hapo hakuna riwaya, basi wewe na mimi hatuandiki kitu kimoja.

"Utawatoa wapi?" Ndiko huko. Wamo katika vitabu vya wale wale wanaume, kwenye sentensi waliyoiandika haraka. Mwandishi wa tarehe anamwita mwanamke pale tu anapomhitaji, na hapo ndipo penye ufa. Kwa nini alimhitaji? Sultani Ali alishindwa nini kumwambia mkwewe mwenyewe? Uliza hivyo, kalamu itatembea.

Lakini sisi hatuulizi. Sisi vijana tunaojifanya tunaipindua fasihi, tumeurithi ule mpango mzima bila kubadili hata kiti. Chukueni miswada yetu ya mwaka huu. Wa kwanza: msichana mrembo wa mjini, macho ya kurembua, anamponza shujaa. Fredegund huyo. Wa pili: mama mzazi, mvumilivu, analia, anakufa ili mwanawe apate uchungu wa kutosha kwenda Dar. Wa tatu: binti wa tajiri, shujaa anamwoa mwishoni anapata na gari. Pate hiyo, siku saba! Nami simo nje. Mswada wangu wa kwanza, niliouandika nikiwa na miaka 19, mama anafariki ukurasa wa pili na hana jina. Nilimwita "mama yake" mpaka mwisho. Mimi, msichana, mwenye mama mwenye jina.

Nimalizie deni la swali la mwisho, nani atasoma habari za mpishi. Mwaka 2019 mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya ya safari ile ya kubeba maiti ya Livingstone. Sehemu ya kwanza nzima anasimulia Halima. Nilipopata habari hiyo nilikuwa nimeshaandika sura mbili, na nawaambia ukweli, tumbo liliniuma siku mbili. Wivu ni wivu. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kimesomwa huko duniani, na aliyekiandika ametoka kusini kabisa, kuvuka Zambezi, akaja kumchukua mwanamke aliyepika hapa mkoani kwetu, ambaye Kiswahili chake pengine tungekielewa neno kwa neno, wakati sisi tumekaa kwenye benchi tunaambiana hakuna wanawake.

Nilitaka kuacha. Halafu nikasema, Livingstone ana vitabu vingapi? Havihesabiki. Halima akiwa na viwili atakosana na nani?

Jumamosi nitasoma sura ya tatu, ile anayorudi baada ya ugomvi. Nimeshaandika anavyoingia uani na kukuta moto umezimika na vyungu vimeachwa bila kuoshwa, na yule mzee anakohoa chumbani. Sijaamua kama atawasha moto kwanza au atakwenda moja kwa moja kwa Ntaoeka. Kaka, usikose.